Tunajuaje Kwamba Inasaidia? Mwongozo wa tiba ya ushahidi kwa wauguzi, wakunga na matabibu wa Kasese na Bwera

Mwezi wa Juni 2019 familia moja ilivuka mpaka wa Bwera ikitokea Kongo na mtoto mgonjwa wa miaka 5. Walimpeleka hospitali ya Kagando, wahudumu wa pale wakashuku Ebola, na mtoto akahamishiwa kitengo maalumu cha Bwera. Tarehe 11 ilitangazwa kwamba vipimo vimethibitisha. Mtoto huyo, mdogo wake wa miaka 3 na bibi yao walifariki. Tarehe 14 chanjo ilianza kutolewa kwa watu waliokaribiana nao. Kabla ya hapo Uganda ilikuwa imeshawachanja wahudumu wa afya karibu 4,700 kwa kujihami. Hakuna mtu mwingine aliyeambukizwa upande wa Uganda.

Sasa jiulize: je, ni chanjo iliyoikinga wilaya ya Kasese? Wengi wetu tutajibu haraka kwamba ndiyo. Huenda ni kweli, lakini habari ya Kasese peke yake haiwezi kulithibitisha jambo hilo. Siku zile zile wagonjwa walitengwa, waliokaribiana nao walifuatiliwa nyumba kwa nyumba, watu walinawa mikono na kupimwa joto kwenye kituo cha mpaka cha Mpondwe. Mambo yote yalifanyika kwa pamoja, na hatuna Kasese nyingine ambayo haikuchanjwa ili tulinganishe.

Ulinganisho huo ulikuwa umeshafanywa mahali pengine. Mwaka 2015 nchini Guinea, watafiti waliorodhesha watu waliokaribiana na kila mgonjwa, kisha wakayapigia kura makundi hayo: mengine yachanjwe hapo hapo, mengine yasubiri siku 21. Kuanzia siku ya 10, katika makundi yaliyochanjwa mapema hakuugua mtu hata mmoja aliyepata chanjo. Katika yale yaliyosubiri waliugua watu 16. Kwa sababu ya kura ile, ilipofika Juni 2019 muuguzi wa Bwera aliweza kunyoosha mkono wake achomwe sindano akiwa na sababu ya kuiamini.

Hiyo ndiyo tiba ya ushahidi: kabla ya kumpa mgonjwa dawa, dripu au ushauri, uwe unajua jibu la swali moja, tunajuaje kwamba inasaidia? David Sackett na wenzake, walioieleza vizuri mwaka 1996, walisisitiza kwamba mambo matatu hukutana kitandani kwa mgonjwa: utafiti bora uliopo, ujuzi wa mhudumu, na yale ambayo mgonjwa mwenyewe anayathamini. Ukiondoa moja, mengine mawili hayasimami. Mwanafunzi anayekariri takwimu bila kumgusa mgonjwa hajaelewa, na mzee wa wodi asiyefungua kitabu tangu ahitimu naye hajaelewa.

Nikuombe kwanza ukubali jambo moja gumu. Macho yako, hata yakiwa ya miaka 20 kazini, yanaweza kukudanganya kuhusu dawa. Mfano ninaotaka uukumbuke siku zote ni utafiti uliofanywa kwa watoto wetu wenyewe wa Afrika Mashariki, ukaitwa FEAST. Uliongozwa na Profesa Kathryn Maitland wa Kilifi, na ulifanyika Mulago, Mbale, Soroti na Lacor hapa Uganda, Kilifi nchini Kenya, na hospitali ya Teule huko Muheza, Tanzania. Swali lilikuwa hili: mtoto mwenye homa kali, anayepumua kwa shida au aliyepungukiwa fahamu, na ambaye mzunguko wake wa damu umedhoofu, je, apewe maji mengi ya mshipa kwa kasi katika saa ya kwanza? Vitabu vilisema apewe. Madaktari waliosoma Ulaya waliona hivyo, na sisi tuliokosa vifaa tuliamini kwamba watoto wanatufia kwa sababu hatuwapi maji ya kutosha.

Watoto zaidi ya 3,100 waligawanywa kwa kura. Januari 2011 utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati. Katika kila watoto 100 waliopewa maji ya haraka, karibu 10 au 11 walifariki ndani ya saa 48. Katika kila 100 ambao hawakupewa kasi ile, walifariki 7.

Itazame hesabu hiyo kwa utulivu. Tofauti ni watoto 3 katika 100, yaani mtoto mmoja katika kila 30. Chukua wodi iliyowapa maji ya haraka watoto 30: watatu wamekufa, 27 wamekwenda nyumbani mgongoni kwa mama zao. Muuguzi wa wodi hiyo atasema kwa moyo safi kwamba dripu iliwaokoa 27. Bila dripu ile wangekufa wawili. Hakuna jicho la binadamu linaloweza kumwona yule mmoja aliyezidi, maana hana alama usoni. Na kuna jambo la kuumiza zaidi: dalili za mshtuko ziliondoka haraka zaidi kwa watoto waliopewa maji. Mhudumu aliona mapigo yanarudi na mikono inapata joto, akaamini anafanya jema, na bado vifo vilikuwa vingi upande huo. Kilichofichua ukweli ni kuwapo kwa kundi la kulinganisha, na watu waliokubali kuhesabu.

Basi tuanze kazi yenyewe. Mwanzo wake ni swali, na swali zuri lina sehemu nne: mgonjwa ni nani, unataka kumfanyia nini, ukilinganisha na nini, na unataka kuona matokeo gani. “Je, tunazuiaje mama kutokwa na damu?” ni swali pana mno, utasoma usiku kucha bila kufika. Lifinye: kwa mama aliyejifungua kwa njia ya kawaida, je, kukinga damu kwenye mfuko wenye alama za ujazo na kuanza matibabu yote kwa pamoja mara ukomo unapofikiwa, kukilinganishwa na kukadiria kwa macho, kunapunguza damu kutoka kupita kiasi? Hilo lina jibu. Utafiti uitwao E-MOTIVE, uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini na kuchapishwa 2023, ulipima mambo matatu kwa pamoja: kutokwa na damu nyingi sana, kufanyiwa upasuaji wa tumbo kwa sababu ya damu, na kufa kwa kutokwa na damu. Katika hospitali zilizotumia utaratibu mpya, tatizo hilo liliwapata akina mama 1.6 katika kila 100. Katika zilizoendelea na mazoea, 4.3. Mkunga wa Bwera anayejua kwamba kukadiria damu iliyoloa kwenye shuka kumewaponza wakunga wengi anaelewa mara moja kwa nini. Andika swali lako kwenye daftari kabla hujafungua simu. Asiyeandika swali huishia kusoma kinachompendeza.

Kisha unatafuta wapi? Watu wengi huanzia kwenye utafiti mmoja mmoja, na hapo ndipo wanapopotea. Anza na kilichokwisha kuchambuliwa na wengine. Mwongozo wa Tiba wa Uganda unaotolewa na Wizara ya Afya ndio wa kwanza, na toleo lake la 2023 linapatikana bure. Una jambo moja linaloufaa mno mkoa wetu: pembeni ya kila tiba umeonyesha ngazi ya kituo inayoruhusiwa kuitoa, kuanzia kituo cha ngazi ya II hadi hospitali. Mhudumu wa kituo cha mlimani, ambaye gari la wagonjwa linamfikia kwa taabu wakati wa mvua, anahitaji kujua mapema ni wapi mamlaka yake yanaishia na ni dawa gani ya kumpa mgonjwa kabla ya kumpa rufaa.

Mwongozo usipokutosheleza, nenda kwenye mapitio ya Cochrane, ambako tafiti zote za swali moja hukusanywa, hupimwa ubora na kujumlishwa. Kwa nchi za kipato cha chini maktaba yao husomwa bure. Kama chuo au hospitali yako imejiandikisha katika mpango wa HINARI, ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002, utapata majarida ambayo wenzako wa nchi tajiri huyalipia fedha nyingi. Muulize mkutubi wa chuo nywila. Mara nyingi ipo na hakuna anayeitumia, na hilo linanisikitisha. Utafiti mmoja mmoja uusome mwisho. Ujumbe wa WhatsApp usio na jina la mtafiti wala mwaka usiufanyie kazi hata kama umetumwa na mtu unayemheshimu, na karatasi inayoletwa na muuza dawa ichukue kama unavyoichukua karatasi yoyote ya mtu anayeuza kitu.

Ukishaupata utafiti, usikimbilie hitimisho. Tafuta kwanza waliotolewa nje. Hapa ndipo watu wengi walipoukosea FEAST. Watoto wenye kuhara na kutapika hawakuingizwa, wala wenye utapiamlo mkali, wala walioungua moto. Mhudumu aliyesikia tu kwamba “dripu inaua” kisha akamnyima maji mtoto mwenye kipindupindu, katika wilaya ambayo imeshapigwa na kipindupindu zaidi ya mara moja, atamuua mtoto huyo kwa kutumia utafiti mzuri. Mtoto wa kuhara aliyeishiwa maji anahitaji maji, na anayahitaji sasa.

Baada ya hapo uliza makundi yaligawanywa vipi. Kura ndiyo njia salama, kwa sababu mhudumu akiachiwa achague mwenyewe, ataipeleka dawa mpya kwa yule anayemwona ana matumaini, kisha dawa itasifiwa kwa kazi isiyo yake. Angalia walipima nini. Kipimo cha damu kilichoboreka maabara si sawa na mtu aliyepona, na mapigo yaliyorudi saa ya kwanza si sawa na mtoto aliye hai siku ya pili. Angalia idadi, na angalia kama kuna wagonjwa waliopotea njiani bila kuelezwa waliishia wapi.

Mfano wa jinsi idadi na kura vinavyobadilisha mambo uko karibu nasi, kwa barabara ya kuvuka mpaka inayopita Kasindi kwenda Beni. Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018. Novemba mwaka huo ulianza utafiti ulioitwa Pamoja Tulinde Maisha, chini ya Profesa Jean-Jacques Muyembe na wenzake, katika vituo vya Beni, Mangina, Butembo na Katwa. Dawa nne zilishindanishwa. Mojawapo, ZMapp, ilikuwa imejaribiwa Afrika Magharibi kwa wagonjwa 72 tu, ikaonekana ina mwelekeo mzuri, na wataalamu wengi waliipa matumaini makubwa. Ndiyo iliyowekwa kuwa kipimo cha kulinganishia nyingine. Wagonjwa 681 waliingia, kila mmoja akapangiwa dawa kwa kura. Agosti 2019 matokeo yalikuwa wazi kiasi kwamba kura ilisimamishwa: kwa ZMapp walikufa karibu nusu, kwa remdesivir zaidi kidogo ya nusu, kwa dawa mbili zilizobaki, MAb114 na REGN-EB3, karibu theluthi moja. MAb114 ilitokana na damu ya mtu aliyenusurika Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995. Kumbuka hilo mtu akikuambia kwamba ushahidi ni mambo ya Wazungu. Huu ulitoka kwenye damu ya Mkongo, na ulithibitishwa na wagonjwa wa Beni na Butembo, katikati ya risasi, na wahudumu waliokuwa wakiyahatarisha maisha yao.

Ndani ya utafiti huo huo kuna somo jingine. Waliofika kituoni ndani ya siku moja tangu dalili zianze, walikufa 19 katika 100. Waliofika baada ya siku 5, walikufa 47. Hapa kuwa mwangalifu: hakuna aliyepigiwa kura afike mapema au achelewe. Pengine wanaowahi hutofautiana na wanaochelewa kwa mambo mengine, kama umbali wa nyumba au fedha ya nauli. Kwa hiyo uzito wa takwimu hizi ni mdogo kuliko ule wa dawa zenyewe. Hata hivyo mimi ningemshauri kila mtu awahi, kwa sababu hasara ya kuwahi ni ndogo na faida yake inaweza kuwa maisha. Kupima ushahidi ni pamoja na kujua lini ushahidi wa kati unatosha kuamua.

Halafu linakuja swali ambalo vitabu hulipitia haraka, nalo kwetu ndilo zito: je, ushahidi huu unamhusu mgonjwa wangu? Chanjo iliyotumika Bwera mwaka 2019 inakinga aina ya Ebola iitwayo Zaire. Septemba 2022 Ebola ilipozuka Mubende, ilikuwa ya aina ya Sudan, na chanjo ile haikufaa. Uganda iliumaliza mlipuko huo Januari 2023 kwa kutenga wagonjwa na kufuatilia waliokaribiana nao, baada ya wagonjwa 142 waliothibitishwa na vifo 55. Na ng’ambo ya Rwenzori, Bundibugyo, mwaka 2007 iligunduliwa aina nyingine kabisa iliyopewa jina la wilaya hiyo. Jina la ugonjwa ni lile lile, dalili mlangoni ni zile zile, lakini ushahidi ni tofauti. Aina ya Sudan iliporudi Kampala mwanzoni mwa 2025, majaribio ya chanjo yake yalianza siku 4 tu baada ya mlipuko kutangazwa, jambo ambalo mwaka 2022 halikuwezekana. Huko ndiko kujifunza.

Kulinganisha ushahidi na mazingira yako si kisingizio cha kukataa kila kitu kwa kusema “hapa kwetu haiwezekani”. Mfuko wa kukingia damu haupo? Tafuta chombo kisafi unachojua ujazo wake, kisha mwambie msimamizi wa stoo aandike ombi la mifuko. Mashine ya kumpa joto mtoto njiti haipo? Utafiti uliofanywa Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania na kuchapishwa 2021 ulionyesha kwamba watoto waliozaliwa na uzito mdogo waliowekwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, mara tu baada ya kuzaliwa, walikufa 12 katika 100 ndani ya siku 28, dhidi ya karibu 16 kwa waliosubiri hadi hali yao itulie. Kitenge cha mama kinatosha kumfungia mtoto. Kinachohitajika zaidi ni wewe kumruhusu mama akae na mwanawe ndani ya chumba cha watoto wachanga, badala ya kumwacha kwenye benchi nje.

Sasa uko na mgonjwa, na ushahidi uko kichwani. Usimtupie takwimu. Mama aliyeleta mtoto mwenye homa, kipimo cha malaria kimetoka bila vijidudu, na yeye amekuja kuchukua dawa ya malaria kwa sababu mtoto wa jirani alipewa, anastahili maelezo. Shirika la Afya Duniani tangu 2010 linataka kila mgonjwa apimwe kabla ya kupewa dawa ya malaria. Mama hajali tangazo hilo, anajali mwanawe. Mwambie: “Mama, nimempima, hana malaria. Nikimpa dawa ya malaria, homa yake itaendelea kwa sababu nyingine na sisi tutadhani tumemtibu. Ngoja nimtazame masikio, kifua na mkojo. Kesho asubuhi umrudishe nimwone tena, na usiku huu akianza kupumua haraka au akikataa kunyonya, usingoje kesho.” Msemeshe kwa Lukonzo kama ndiyo lugha yake, au kwa Kiswahili kama ametoka Kasindi. Muulize pia amempa nini nyumbani, na uulize bila kukunja uso, kwani mama aliyewahi kukaripiwa kwa ajili ya mitishamba hatakutajia tena, nawe utampa mtoto dawa juu ya kitu usichokijua.

Kuna kikwazo kingine ambacho mwanafunzi hafundishwi darasani, nacho ni cheo. Umesoma jambo, na daktari mkuu wa zamu anafanya kinyume. Usimsahihishe mbele ya mgonjwa wala mbele ya wenzako. Mfuate baadaye na karatasi mkononi: “Daktari, naomba kujifunza kwako. Nimeusoma utafiti huu, na sikuelewa kama unawahusu wagonjwa wetu. Unauonaje?” Nimeona swali la namna hii likibadilisha utaratibu wa wodi nzima, kwa sababu lilimpa mkubwa nafasi ya kubadilika bila kuvunjiwa heshima. Ila kama mgonjwa yuko hatarini papo hapo, sema wakati huo huo, kwa upole na kwa kusikika.

Mwisho wa kazi ni rejesta, kitabu ambacho wengi wetu hukijaza kwa kuchoka saa ya kukabidhi zamu. Chagua jambo moja tu mlilobadilisha. Kwa mfano, mmeamua kwamba hakuna dawa ya malaria bila kipimo. Fungua kurasa za miezi mitatu kabla ya uamuzi, uhesabu wangapi walipewa dawa, na wangapi kati yao walikuwa na jibu la kipimo lililoandikwa. Rudia hesabu hiyo kwa miezi mitatu baada ya uamuzi. Hesabu pia waliorudi ndani ya wiki moja wakiwa wamezidiwa, maana badiliko lolote linaweza kuumiza mahali usipopatazama. Bandika namba zote ukutani kwenye chumba cha wahudumu, hata zikiwa za aibu, na mwandike chini yake tarehe mtakayohesabu tena.